Malango ya Attari na Daraja Letu la Songwe

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya na majirani katika maadhimisho ya mandir yetu

 

Kamati imetutaka tueleze ile safari ya hija ambayo kundi letu liliifanya India mwezi Februari 2024, na hasa ile alasiri moja tuliyokwenda kutazama bendera zikishushwa katika mpaka wa India na Pakistan. Wengi mmekwisha kuona picha zake katika simu za watoto wetu. Picha huonyesha askari wakirusha miguu juu, watu wakacheka, basi. Jambo lenyewe ni zito kuliko picha, nalo linatuhusu sisi tunaoishi umbali mfupi kutoka mpaka mwingine. Kwa hiyo tumeomba ruhusa ya kuyasema yote mawili pamoja: ya kule na ya hapa.

Tulifika Amritsar asubuhi, tukaanza kwa kwenda Harmandir Sahib, hekalu la dhahabu la ndugu zetu Makalasinga. Pale huliwa chakula kiitwacho langar. Kila siku maelfu kwa maelfu ya watu huketi chini katika safu moja, tajiri na maskini, Mhindu, Mwislamu na Mkristo, wakapewa chapati na dali bila kuulizwa jina wala dini. Tunalitaja hilo kwa sababu mchana huohuo, mwendo wa kilomita zipatazo 30 kutoka mahali hapo pasipo ubaguzi, tulifika mahali ambapo kila kitu kimejengwa ili mtu aulizwe, wewe ni wa upande gani?

Barabara iendayo huko ni ile barabara kuu ya kale iliyounganisha Bengal na Kabul, ambayo Sher Shah Suri aliijenga upya katika karne ya 16. Kwa mamia ya miaka misafara ya biashara ilipita hapo. Amritsar na Lahore ni miji miwili ambayo haizidiani kilomita 50 hivi, na wafanyabiashara wa zamani walitoka mji mmoja asubuhi wakafanya shughuli zao katika mji wa pili. Leo barabara hiyo imekatwa na malango mawili ya chuma. Upande wa India ni Attari, upande wa Pakistan ni Wagah, na kati ya malango hayo umepita mstari uliochorwa chini.

Mstari huo tuusemee kidogo, kwa ajili ya vijana. Mwaka 1947 Waingereza walipokuwa wakiondoka, kazi ya kuigawa Punjab na Bengal alipewa mwanasheria mmoja kutoka London, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kufika India kabla ya hapo. Alipewa majuma yapatayo matano. Mipaka yake ilitangazwa tarehe 17 Agosti 1947, siku mbili baada ya uhuru wenyewe, maana yake watu walisherehekea uhuru bila kujua nyumba zao ziko nchi gani. Watu zaidi ya milioni kumi walihama, Wahindu na Makalasinga wakielekea mashariki, Waislamu wakielekea magharibi, na mamia ya maelfu waliuawa njiani. Barabara ile tuliyopita kwa basi lenye viti vizuri ilikuwa mojawapo ya njia za msafara huo wa machozi.

Sasa tueleze tuliyoyaona. Mifuko yote huachwa, watu hukaguliwa, kisha huingia katika uwanja wenye majukwaa kama uwanja wa mpira. Upande wa pili wa malango nao una majukwaa yake. Kabla ya sherehe muziki hupigwa kwa nguvu. Wanawake na wasichana huitwa barabarani, hupewa bendera, hukimbia nazo mpaka karibu na lango na kurudi, kisha hucheza. Kina mama wetu wawili walishuka kucheza, nao walicheza vizuri. Anayeongoza shangwe huinua mkono, na maelfu ya watu huitika "Hindustan Zindabad". Kutoka ng'ambo ikasikika sauti nyingine, kubwa vilevile, "Pakistan Zindabad". Maneno ni ya lugha moja. Laiti mtu angefumba macho, asingejua upande upi umeanza na upi umejibu.

Kisha askari wakatoka. Wa India ni wa Kikosi cha Ulinzi wa Mpaka, wamevaa kaki na vilemba vyenye shungi jekundu lililotandazwa kama mkia wa tausi. Wa Pakistan ni Rangers, wenye mavazi meusi na shungi jeusi. Huja kwa mwendo wa kasi mpaka langoni, wakainua mguu mpaka unyayo ukavuka paji la uso, wakaupiga chini kwa kishindo. Aliye upande wa pili hufanya vivyo hivyo. Hukunja ngumi, hukodoa macho, hunyoosha masharubu. Asiyejua angedhani wanaanza kupigana. Lakini mtazame kwa makini, jambo la ajabu litawadhihirikia: hakuna hatua inayopigwa upande mmoja isiyopigwa upande wa pili, kwa wakati uleule na urefu uleule. Watu wawili hawawezi kuwiana namna hiyo bila kukubaliana. Sherehe ile inafanywa tangu mwaka 1959, na mataifa hayo yamepigana vita mwaka 1965, 1971 na 1999. Hasira inayoonekana pale ni hasira iliyopangwa kwa maelewano. Mwaka 2010 pande zote mbili zilikubaliana hata kupunguza ukali wa ishara zao.

Baada ya vishindo, malango yakafunguliwa. Askari mmoja wa huku na mmoja wa kule wakakutana kwenye mstari, wakapeana mikono, mara moja, haraka, uso mkavu. Ndipo tarumbeta likalia, na uwanja mzima ukanyamaza.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Bendera mbili zimefungwa katika kamba zilizovutwa mshazari, hata kamba hizo zikapishana katikati. Zinashushwa pamoja, polepole, na wanaozishusha hutazamana ili bendera ya mmoja isiwe juu ya bendera ya mwenzake hata kwa upana wa kiganja. Zilipofika mahali kamba zinapopishana, kwa kitambo kidogo zilikuwa bega kwa bega. Kisha zikashuka, zikakunjwa kwa heshima, zikapelekwa ndani. Malango yakafungwa. Jua likazama upande wa Lahore, likatuachia sote giza moja.

Ndugu zetu, sisi ni watu wa Kathiawar kwa asili. Babu zetu walikuja kwa majahazi ya pepo za kaskazi, wakatua Zanzibar, wakapanda bara hatua kwa hatua mpaka wakafungua duka la nguo na chumvi katika nchi hii ya mvua na migomba. Kwa mtu wa Kathiawar mpaka ule una uchungu wa namna yake. Mahatma Gandhi alizaliwa Porbandar mwaka 1869, katika Kathiawar. Muhammad Ali Jinnah, mwanzilishi wa Pakistan, alizaliwa Karachi, lakini jamaa zake walitoka kijiji cha Paneli, katika Kathiawar hiyohiyo. Watu wawili wenye asili ya rasi moja, wenye lugha moja ya nyumbani, ambayo ni Kigujarati hiki tunachosemeshana jikoni, majina yao leo yamewekwa pande mbili za lango la chuma. Tulipokuwa tumeketi pale tuliwakumbuka pia jirani zetu wa miaka mingi hapa, Makhoja na Mabohora, ambao babu zao na babu zetu walisafiri katika jahazi moja. Hapa Tanganyika hakuna aliyetuwekea lango kati yetu. Hiyo ni neema, na neema ikizoeleka husahauliwa.

Hatutaki kuwapamba wale wala hawa. Mwaka 2017 India ilisimamisha mlingoti wa bendera wa futi 360 pale Attari. Mwaka huohuo Pakistan ikasimamisha wa futi 400. Mwaka 2023 India ikaweka wa futi 418. Bendera zile mbili ndogo bado zilishushwa kwa usawa kila jioni, huku juu ya vichwa vya watu milingoti mikubwa ikishindana. Na tarehe 2 Novemba 2014, watazamaji walipokuwa wakitoka upande wa Wagah, mtu aliyejifunga bomu alijilipua, wakafa watu zaidi ya hamsini, wakiwamo wanawake na watoto waliokuja kutazama kama tulivyokwenda sisi.

Tena, yale tuliyoyaona mwaka 2024, aliyekwenda mwaka mmoja baadaye hakuyaona. Tarehe 22 Aprili 2025 watu 26 waliuawa na magaidi Pahalgam, katika Kashmir. Biashara ya Attari ikafungwa, na mwezi Mei mataifa hayo yakarushiana makombora. Sherehe iliporudishwa kwa watazamaji mwishoni mwa mwezi huo, ilirudi pungufu: bendera zilishushwa, lakini malango hayakufunguliwa na mikono haikupeanwa. Miguu ilibaki. Kelele zilibaki. Kilichoondolewa ni kile kitendo cha nukta chache ambacho mtazamaji wa nyuma hata hakukiona. Sisi twaona kwamba kitendo hicho ndicho kilichokuwa sherehe yenyewe, na mengine yote yalikuwa mapambo yake.

Sasa turudi nyumbani, Songwe.

Hapa kwetu bendera hushushwa bila ngoma. Saa kumi na mbili jioni filimbi hulia, na kila mtu husimama pale alipo: mwendesha bodaboda hutua mguu, mama mwenye ndizi kichwani hunyooka, mtoto huacha mpira. Bendera hushuka, filimbi hulia tena, watu huendelea na safari. Hakuna anayemtolea mwenzake macho. Wageni wetu kutoka nje hushangazwa na utulivu ule, nasi tunaoishi nao tumeuzoea kama mvua ya Kyela. Tukumbuke pia kwamba usiku wa uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, aliyepandisha bendera yetu na mwenge juu ya Kilimanjaro alikuwa Luteni Alexander Nyirenda, mtu mwenye jina la ukoo linalojulikana sana kaskazini ya Malawi. Bendera ya nchi hii imeinuliwa na mkono ambao jina lake linaitwa pande zote mbili za Songwe.

Lakini mpaka wetu nao ulichorwa na wasioujua. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani uliotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890, uleule uliohusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, ulisema mstari ufuate ufuko wa Ziwa Nyasa, mashariki, kaskazini na magharibi, mpaka mdomo wa Mto Songwe, kisha upande na mto. Wanyakyusa wakabaki huku na Wangonde wakabaki kule, watu ambao lugha zao ni kama ndugu wa tumbo moja. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani walivuka Songwe kwenda kuishambulia Karonga, na Waafrika wakafa kwa ajili ya ugomvi wa Ulaya. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Na mto wenyewe hauheshimu karatasi. Wenye mashamba uwandani wanajua: masika yakizidi, Songwe huacha njia yake na kutafuta nyingine, mtu akalala shamba lake likiwa Tanzania, akaamka liko ng'ambo. Serikali mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo ili kuudhibiti na kuutumia kwa faida ya pande zote. Huo ni mfano mwema. Ziwani mambo bado. Tangu mwaka 1967 Tanzania imeeleza rasmi kwamba mpaka wa haki ni katikati ya maji. Malawi hushika maneno ya mkataba wa 1890. Jambo hilo liliamka tena mwaka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, wakaombwa marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, wasuluhishe. Sisi hatukusomea sheria, na hukumu hiyo tunawaachia wenye mamlaka. Tunachokijua ni kwamba wavuvi wa Matema na wa Karonga wameendelea kutupa nyavu usiku katika maji yaleyale, wakikopeshana mafuta ya taa na moto wa sigara.

Mwaka huohuo wa 2025, na mwezi uleule wa Aprili ambao Attari ilifungwa, sisi nasi tulionja. Malawi ilikuwa imezuia mchele, ndizi, tangawizi, mahindi na unga kutoka kwetu. Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka kwao. Mazungumzo yalifanyika na zuio letu likaondolewa kabla ya mambo kuharibika zaidi, nasi twawashukuru waliozungumza. Lakini kitambo hicho kilitosha kuonyesha. Ndizi haijui diplomasia, huiva tu. Wakulima walioutegemea mpaka kwa ada za watoto shuleni walitazama mikungu ikigeuka nyeusi. Madukani kwetu mteja wa Karonga, ambaye baba yake alinunua kwa baba yetu, alipiga simu kuuliza, "Wazee, tumekosana lini?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa yeye na sisi hatukukosana.

Yatupasa tulielewe jambo hili kwa akili ya biashara pia. Malawi haina bahari. Mafuta na mbolea yao mengi hupanda kutoka Dar es Salaam, hupita Mbeya na Tukuyu, hushuka Kasumulu. Kila lori linalolala hapo hununua chakula, huweka dereva gesti, hutengeneza pancha. Mama ntilie, fundi na mwenye duka wote wamekaa juu ya daraja lile, hata ambaye hajawahi kulivuka. Daraja likifungwa juma moja, kwanza hufa imani, na bidhaa hufuata. Bidhaa mpya zaweza kuagizwa. Imani haina mahali inapoagizwa.

Basi tumejifunza nini Attari? Tumejifunza mambo mawili. La kwanza, hata maadui waliomwagana damu waliona haja ya kukutana kila jioni na kuhakikisha hakuna bendera iliyo juu ya mwenzake. Sisi ambao hatujapigana na jirani zetu tuna sababu kubwa zaidi ya kuuchunga usawa huo, katika maneno yetu sokoni, katika mizaha yetu juu ya Wamalawi, na katika mizani zetu. La pili, kinachoondolewa kwanza mambo yanapochafuka ni mkono, nacho ndicho kigumu kurudishwa. Kelele hazihitaji mlezi. Mkono wahitaji kulelewa wakati wa amani, ungali mzoefu. Udongo uwahi ungali maji.

Kwa hiyo tunaomba kuileta mbele ya Kamati rai moja, nayo haina gharama kubwa. Kule Attari, katika miaka ya heri, siku za Diwali na za Idi, askari wa pande mbili wamekuwa wakipeana masanduku ya mithai langoni. Mandir yetu hutengeneza mithai kila Diwali, na majirani zetu mliopo hapa mnaijua ladha yake. Tunapendekeza kwamba kuanzia Diwali ijayo, kwa idhini ya mamlaka zinazohusika, kina mama wetu waongeze sinia mbili. Moja ipelekwe kwa maofisa wetu wa Kasumulu, uhamiaji, forodha na polisi, ambao hukesha tukilala. Ya pili ivuke daraja, ifike kwa wenzao wa upande wa Malawi. Tunaomba aifikishe kijana mmoja wa jumuiya yetu na kijana mmoja wa Kinyakyusa kutoka kwa majirani zetu, wakiwa pamoja, ili isiwe zawadi ya Wahindi, iwe zawadi ya Kyela. Kama wazee wa misikiti na makanisa watapenda kufanya vivyo hivyo katika Idi na Krismasi, sisi tutakuwa wa kwanza kubeba masinia yao.

Yupo atakayesema, ladu za sukari zitazuia nini, serikali zikikasirika? Tunamjibu kwa heshima: hazitazuia. Lakini siku serikali zitakapotaka kupatana, zitahitaji watu wanaojuana kwa majina pale darajani. Watu hao hawaletwi na barua kutoka Dodoma wala Lilongwe. Hutengenezwa mwaka baada ya mwaka, sinia baada ya sinia.

Wahenga wetu wa India walifundisha kwamba dunia yote ni jamaa moja. Wazee wa Kyela waliwapa babu zetu kiwanja, wakawaonyesha kisima, wakawafundisha lugha, bila kusoma fundisho hilo katika kitabu chochote. Mandir hii imesimama juu ya ukarimu huo, na ndiyo maana siku ya kuadhimisha miaka yake tumeona si haki kuzungumzia mawe na rangi zake pekee.

Mwenyezi Mungu awabariki waliojenga, wanaotunza, na watakaorithi. Awape wavuvi wetu maji tulivu na wakulima wetu mvua ya kiasi. Ailinde Tanzania, aailinde na Malawi jirani yetu.